Alianza Saa Ngapi?



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika vilima vya Walungu, Kivu ya Kusini. Kila mwaka, katika somo la methali, huandika ubaoni maneno haya: Haraka haraka haina baraka. Chini yake huandika methali ya pili: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Watoto huzinakili zote mbili katika madaftari yao, na daima yuko mmoja anayenyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, tufuate ipi?"

Zamani nilijibu kwamba kila methali ina siku yake, kisha nikaendelea na somo. Jibu hilo si baya, lakini halimsaidii mtu aliyesimama mlangoni jioni, mvua inanyesha, mbuzi analia, naye hajui kama siku hii ni ya methali ya kwanza au ya pili. Mimi nilisimama mlangoni hivyo. Nilichagua vibaya, na hasara yake ilimwangukia mtu mwingine. Basi nataka kuwaeleza habari hiyo bila kuficha, maana katika nyumba nyingi za kwetu mbuzi ndiye sanduku la akiba, na akiba hiyo hupotea mara nyingi kwa sababu ya neno moja dogo: kesho.

Dada yangu mkubwa ni mjane. Anakaa karibu na soko katika nyumba ya kupanga, mahali pasipo na majani ya kulisha mnyama. Kwa hiyo aliniachia mbuzi wake jike, mwenye rangi ya kijivu, nasi tukamwita Kijivu. Mapatano yetu yalikuwa kama yale ya watu wengi wa huku: uzao wa kwanza ni wa mwenye mbuzi, uzao wa pili ni wa mtunzaji. Kijivu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Watoto wake, kabla hawajazaliwa, walikuwa wamekwisha kuhesabiwa: wangekua, wangeuzwa, na fedha zao zingemlipia mpwa wangu masomo ya sekondari.

Jumamosi moja ya majira ya mvua, saa kumi alasiri, nilimwona Kijivu amejitenga na wenzake. Alilala, akasimama, akaparua udongo kwa mguu, akalala tena. Saa kumi na moja mfuko wa maji ulipasuka, naye akaanza kusukuma kwa nguvu. Ilipofika saa kumi na mbili alikuwa bado anasukuma, na hakuna kilichotoka. Mke wangu alitoka jikoni, akamtazama, akaniambia: "Baba watoto, mpigie daktari wa mifugo simu."

Nilianza kupiga hesabu. Daktari anakaa ng'ambo ya vilima viwili, na njia ilikuwa tope tupu. Pikipiki ya kumleta na kumrudisha, ujira wake, dawa: jumla ingekaribia robo ya bei ya mbuzi mwenyewe. Mshahara ulikuwa haujafika. Tena nilijiambia kwamba mbuzi ni mnyama, na wanyama huzaa peke yao porini bila daktari. Nikamjibu mke wangu: "Haraka haraka haina baraka. Tungoje asubuhi."

Nikaingia ndani kusahihisha madaftari. Usiku nilisikia sauti yake mara nyingi. Baadaye sauti ikapungua, kisha ikanyamaza kabisa. Nilidhani amepumzika, nikalala usingizi.

Asubuhi tulimkuta amekufa.

Ndipo nilipompigia daktari simu, maana nilijua dada yangu ataniuliza mbuzi amekufa kwa nini, nami sikuwa na jibu. Dada naye alipata habari, akaja. Daktari alivaa glavu, akachunguza, akasema: "Kichwa cha mtoto kilitangulia pamoja na mguu mmoja. Mguu wa pili ulikunjwa nyuma tangu begani. Kumsukuma mtoto kidogo, kuunyosha mguu, kumvuta: kazi ya nusu saa." Hakusema kwa hasira. Kisha akafungua daftari lake, akaniuliza: "Mwalimu, alianza saa ngapi?"

Dada yangu alikuwa amesimama kando, kitambaa kichwani, mikono imefungwa kifuani.

"Usiku wa manane," nikasema.

Binti yangu wa miaka saba aliinua macho, akanitazama. Daktari alirudia polepole, "Usiku wa manane," akaandika, akafunga daftari. Majirani wawili walikuwa wamekwisha kuja na visu wakiulizia nyama; daktari akawaambia kwamba mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi, azikwe katika shimo refu. Basi tulimzika nyuma ya migomba.

Nilisoma seminari miaka kadhaa. Nilijifunza Kilatini, historia na hesabu. Siku zote nimewafundisha watoto wa watu kwamba uongo ni deni. Lakini ilipofika zamu yangu ya kusema saa tu, nilisema saa ya uongo, mbele ya mtoto wangu mwenyewe, kwa kuogopa macho ya dada yangu.

Wiki ile sikuwa na amani. Siku ya soko nilikwenda kwa daktari nikamwambia: "Alianza alasiri, si usiku." Akanijibu: "Nilijua, Mwalimu. Mwili wa mbuzi husema saa zake wenyewe. Kaa hapa nikuonyeshe yaliyo ya maana zaidi kuliko kunisikitikia." Nikakaa hata jioni. Yafuatayo nimeyapata kwake siku hiyo na siku nyingine nyingi, na baadaye nimeyaona kwa macho yangu katika zizi langu.

Neno la kwanza alilonifundisha ni hili: asiyemjua mbuzi mzima hawezi kumtambua mbuzi mgonjwa. Mbuzi mzima hukimbilia majani. Akishashiba hulala na kucheua, taya zake zikienda huku na huku kwa utulivu. Kinyesi chake ni vibonge vidogo vikavu. Macho yake yang'aa, na masikio yake hugeuka akisikia mlango. Ukimpima kwa kipimajoto katika njia ya haja kubwa, utapata digrii 38.5 mpaka 39.5, wakati wa jua kali inaweza kufika 40 bila ugonjwa. Akitulia, hupumua mara 15 mpaka 30 kwa dakika. Tena, nyuma ya mbavu za kushoto, mbele ya paja, pana shimo dogo. Weka ngumi yako hapo, ubonyeze kidogo, ungoje. Utasikia tumbo kubwa likijisukuma chini ya ngumi, mara moja au mbili kwa dakika. Mbuzi ambaye tumbo lake halijisukumi ni kama kinu cha maji kilichosimama: mambo mengine yote yatasimama baada yake.

Mambo haya hayahitaji fedha, isipokuwa kipimajoto, nacho hupatikana katika duka la dawa. Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kufunga mlango, nahesabu vichwa, natazama taya, natazama kinyesi. Ni kazi ya dakika tano.

Neno la pili ni kwamba magonjwa hayana mwendo mmoja. Daktari aliyagawa mafungu matatu: yale ya kungoja, yale ya leo, na yale ya saa hii. Mwanzoni nilidhani huo ni ujanja wa kuwafanya watu wamwite mara nyingi, lakini sivyo. Fungu la kungoja lipo kweli. Mbuzi anakula, anacheua, anatembea na wenzake, lakini kinyesi kimelainika siku moja baada ya mvua kuotesha majani machanga. Au ana mkwaruzo mdogo wa mwiba. Au amekohoa mara mbili kwa vumbi. Huyo mtenge kidogo, mpe majani makavu na maji safi, mwangalie asubuhi na jioni. Hapo ndipo pa kusema haraka haraka haina baraka.

Fungu la pili ni la leo. Hapa usilale bila kumwarifu mtu anayejua. Mbuzi aliyekataa majani siku nzima na hacheui. Mwenye homa inayozidi 40.5, au aliyepoa chini ya 38, ambalo mara nyingi ni jambo baya zaidi kuliko homa. Mwenye kuhara maji matupu au damu. Anayesaga meno na kusimama mgongo umejikunja, maana ndivyo mbuzi anavyosema "naumwa." Aliyezaa, na kondo la nyuma halijatoka baada ya saa 12. Mwenye kiwele chenye joto na kigumu. Na kama kiwele kimegeuka baridi na rangi ya samawati, huyo amevuka fungu hili.

Katika fungu hili yupo mgonjwa mmoja anayetudanganya sana, maana hufa akiwa bado anakula. Funua ukope wa chini wa mbuzi utazame rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu au ya waridi, vema. Ikiwa nyeupe kama karatasi, mbuzi huyo hana damu. Mara nyingi kuna minyoo midogo ndani ya tumbo lake ambayo hunyonya damu usiku na mchana. Majira ya mvua huizidisha. Pengine utaona uvimbe laini chini ya taya, kana kwamba amemeza yai likakwama. Wengi wetu huuona uvimbe huo tukacheka, tukisema mbuzi amenenepa. Kumbe ni alama ya mwisho mwisho. Huyo usimkimbize wala usimtembeze mpaka soko la mbali. Mlete mganga kwake, maana mwendo peke yake waweza kumwangusha.

Fungu la tatu ni la saa hii, nalo ni fupi. Afadhali kila mtoto wa nyumba alijue kwa moyo.

La kwanza, mbuzi anayezaa na kusukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kuonekana. Ikipita saa moja, kila dakika ni ya hatari. Mimba ya mbuzi ni siku karibu 150, yaani miezi mitano. Anayeandika siku aliyopandwa huwa tayari siku ya kuzaa, na simu ya mganga ikiwa na moto.

La pili, mbuzi ambaye ubavu wake wa kushoto umevimba na kukaza kama ngoma. Hewa imefungwa tumboni, inasukuma mapafu, na anaweza kufa kabla ya watu kumaliza chakula cha mchana.

La tatu, mbuzi dume anayejikamua na kulia, lakini mkojo hautoki, au hutoka matone tu. Wengi hudhani amefunga choo, wakampa dawa ya kuendesha. Ni jiwe dogo limeziba njia ya mkojo, na kibofu kikipasuka hakuna tena dawa.

La nne, mbuzi aliyeingia ghalani akala mahindi au unga kwa wingi. Mwanzo huonekana ameshiba tu. Baada ya saa kadhaa nafaka ile inachacha tumboni na kuwa tindikali, naye huanguka. Usingoje aanguke.

La tano, anayepumua kwa taabu, shingo imenyoshwa na mdomo wazi, au anayetetemeka na kuanguka ghafula. Kama amekula majani mabichi au maganda ya muhogo mchungu, yaelekea ni sumu ya muhogo, nayo hufanya kazi kwa dakika, si kwa siku.

La sita, asiyeweza kusimama hata akisaidiwa, na mwenye kutoka damu isiyokoma.

Tena daktari alinionya juu ya mikono yetu. Mbuzi anayetoa mate mengi, ambaye sauti imebadilika, anayeshambulia watu au kutembea kama kipofu, usitie mkono wako kinywani mwake ukitafuta mfupa. Yawezekana ni kichaa cha mbwa, nacho huua watu. Na mbuzi aliyekufa ghafula, akitoka damu nyeusi puani au nyuma, isiyoganda, usimchune, usimpasue, usimle. Yaweza kuwa kimeta. Mfunike, wazuie mbwa na watoto, umwarifu mganga. Ubahili wa kitoweo kimoja umewahi kuzika watu.

Nilimwuliza pia habari za dawa za sokoni, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimewapa mbuzi tembe za watu. Akanieleza kwamba ndani ya tumbo kubwa la mbuzi vinakaa vijidudu visivyohesabika vinavyomsagia majani. Tembe zetu za kuua vijidudu, zikimezwa, huwaua na wale wafanya kazi wema. Kisha mbuzi huwa na majani tumboni lakini hana wa kuyasaga. Na yule anayemlaza mbuzi, anamwinua kichwa juu na kummiminia dawa ya maji, mara nyingi huijaza mapafu yake.

Nikasema: "Lakini, Daktari, ikiwa nitakuita bure?" Akacheka kidogo. "Utaniita bure mara moja au mbili. Hiyo ni ada ya shule. Siku ile ya kwanza hukulipa ada, ukalipa mbuzi." Ni kweli, baadaye nilimwita mara moja kwa ajili ya dume aliyeharisha kidogo, na alipofika tulimkuta dume juu ya ukuta wa jirani anakula maua. Niliona haya. Yeye hakunicheka.

Jambo moja zaidi. Kuna ugonjwa ambao hauhusu mbuzi mmoja tu: sotoka ya mbuzi na kondoo. Mbuzi ana homa kali, machozi na kamasi zimegandamana usoni, mdomo una vidonda na harufu mbaya, anakohoa, kisha anahara. Leo ni mmoja, keshokutwa ni watano. Mwaka 2012 shirika la FAO lilitoa onyo juu ya ugonjwa huu katika nchi yetu, maana ulikuwa umekwisha kuangamiza mbuzi wengi. Hauwashiki wanadamu, wala hakuna dawa ya kuua kirusi chake. Lakini ipo chanjo nzuri, ambayo mara moja tu humkinga mbuzi miaka isiyopungua mitatu. Sotoka ya ng'ombe, ndugu yake mkubwa, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha kabisa duniani, na mwaka 2015, katika mkutano wa Abidjan, mataifa yaliazimia kuimaliza hii ya mbuzi pia kabla ya mwaka 2030. Lakini kazi hiyo haiwezekani kama mwenye mbuzi wa kwanza kuugua atamficha, au mbaya zaidi, atamkimbiza sokoni amwuze kabla hajafa. Anayefanya hivyo anauza maradhi, na mnunuzi ataipelekea zizi lake zima. Mtenge mgonjwa, zuia wengine wasitoke, mwite mganga siku hiyo hiyo.

Sasa narudi kwa dada yangu.

Kwa miezi minane niliweka kando sehemu ya mshahara, nikanunua mbuzi jike mwingine, mweusi mwenye doa jeupe pajini, nikamwambia dada: "Huyu ni badala ya Kijivu." Alishukuru. Mpwa wangu aliendelea na masomo kwa mikopo ya huku na huku. Lakini juu ya ile saa sikusema neno, na kila nilipomwona binti yangu akinitazama, nilikumbuka.

Asubuhi moja, kabla sijaenda shuleni, binti yangu alikuja mbio. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutazama taya. "Baba, Doa hacheui, na tumbo lake limepanda upande mmoja." Kamba ilikuwa imekatika usiku, Doa alikuwa ameingia katika maharage machanga yenye umande na kula bila kipimo. Nilipiga ubavu wa kushoto kwa vidole: ulilia kama ngoma. Nikatazama saa, nikaandika ukutani kwa chaki: saa kumi na mbili na robo.

Safari hii sikupiga hesabu ya franka, nilipiga simu. Daktari aliuliza: amekula nini, anasimama, anapumua namna gani? Akasema: "Naja. Msimamishe, miguu ya mbele iwe juu kwenye mteremko. Sugua ubavu wa kushoto. Mpe mafuta ya kupikia, nusu glasi, polepole, kichwa kikiwa sawa, asinyanyuliwe juu. Akianguka, nipigie tena." Mke wangu alileta mafuta, mimi nikamshika, binti yangu akasugua. Mafuta huvunja lile povu la maharage linalofunga hewa. Baada ya muda Doa alibeua mara moja, kisha mara ya pili, na harufu yake ilitufurahisha kuliko ubani. Daktari alipofika juu ya pikipiki, tope mpaka magotini, alimtia mpira mwembamba kinywani mpaka tumboni, hewa iliyobaki ikatoka kwa kelele. Saa tatu Doa alikuwa amesimama, amechoka, lakini anacheua.

Nilichelewa shuleni asubuhi ile. Nilimwambia mkuu wa shule sababu, akatikisa kichwa, lakini hakuandika.

Jioni dada yangu alikuja kumwona mbuzi wake. Akamshika masikio, akamgusa ubavu, akauliza, bila nia yoyote: "Alianza saa ngapi?"

"Tulimwona saa kumi na mbili na robo," nikasema. Kisha nikanyamaza kidogo. Binti yangu alikuwa pale, anakata majani ya viazi vitamu. Nikasema: "Dada, na Kijivu alianza saa kumi alasiri. Mama watoto aliniambia nipige simu, nikakataa kwa sababu ya fedha. Nilikudanganya."

Hakuniangalia. Alikuwa bado ameshika masikio ya Doa. "Mdogo wangu," akasema, "mtoto wako aliniambia siku ile ile, tukiwa njiani. Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Kisha akaomba maji ya kunywa, tukaongea habari nyingine.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Daktari haulizi saa ili atutie aibu. Saa ndiyo kitu cha kwanza kinachomwonyesha la kufanya: kama mtoto angali hai tumboni, kama dawa ingali na nafasi. Mwenye mbuzi anayeficha saa anamfunga daktari macho. Na aliyechelewa huificha kwa sababu anajua amechelewa. Hivyo kosa la kwanza huzaa la pili.

Kwa hiyo nyumbani kwetu sasa daftari limening'inizwa kwa uzi karibu na mlango, na penseli pamoja nalo. Ukurasa wa kwanza una namba ya simu ya daktari. Kurasa nyingine zina mambo haya tu: siku ya kupandwa, siku ya kuzaa, siku ya chanjo na ya dawa ya minyoo, na mnyama akiugua, tunaandika alianza saa ngapi, alikula nini, anacheua au hacheui, kinyesi, mkojo, joto. Anayempigia daktari simu humsomea mistari hiyo. Daktari mwenyewe amesema kwamba kwa mistari hiyo pekee huweza kujua mara nyingi kama achukue mpira, glavu, au aje kesho bila wasiwasi. Hata yule asiyeweza kulipia pikipiki siku hiyo anaweza kupiga simu na kuuliza afanye nini kwanza. Simu ya dakika mbili ingemwokoa Kijivu.

Mwaka huu, katika somo la methali, mkono ulinyoshwa tena: "Mwalimu, tufuate ipi?" Nikaweka chaki chini. Nikawauliza watoto ni nani ana mbuzi nyumbani; karibu wote walinyosha mikono. Nikawaambia: "Leo jioni, mtazame mbuzi wenu taya, tumbo na ukope wa jicho. Akila na kucheua, fuateni ya kwanza. Akijikamua, akivimba, akianguka, fuateni ya pili, na mmwambie baba yenu bila kuogopa, hata kama amelala."

Kisha tukaandika katika daftari, chini ya methali zote mbili, swali ambalo watoto wangu wote sasa wanalijua: Alianza saa ngapi?